Mota na Meno ya Cheni: Tulivyochagua Nguvu ya Pikipiki Yetu ya Umeme



Tangu pikipiki yetu ya umeme ianze kupita njiani, maswali hayaishi. Wengine wanauliza mota tulitoa wapi. Wengine wanauliza kama inaweza kufika Mbarara. Watoto wanauliza kwa nini hailii. Maswali yote ni mazuri, lakini kuna moja ambalo vijana wa gereji wanauliza kwa sauti ya chini, wameinama wanaangalia cheni: "Mulijuaje ni mota ya kiasi gani, na meno mangapi?" Hilo ndilo tunataka kujibu leo, kwa sababu hapo ndipo pesa ya familia inaokoka ao inapotea.

Kwanza mutujue. Sisi ni nyumba tano za kijiji kimoja hapa Nakivale, tatu za watu wa Kivu na mbili za watu wa Burundi. Kati yetu kuna fundi wa kuchomelea, kijana mmoja aliyesoma umeme miaka miwili kabla ya vita kumkatiza, mama mmoja anayeuza samaki wa ziwani, na wengine ni wakulima wa mahindi na maharage. Hakuna injinia. Kwa miezi minane kila nyumba ilitoa kile ilichokuwa nacho: hii pesa, ile mahindi ya kuuza, nyingine siku za kazi. Tunasema hivyo ili muelewe kwamba mota isiyofaa ingekula jasho la nyumba tano kwa siku moja.

Na haikuwa mambo ya kujionyesha. Toka kwetu mpaka kituo cha afya ni kilomita 7, na katikati kuna mlima ambao sisi tunauita Mlima wa Tangi. Usiku mgonjwa akizidiwa, ni kumbeba kwa machela ao kutafuta boda. Mtu wa boda usiku ana haki ya kuogopa, na petroli iko na bei yake. Wakati tunaanza kuhesabu, wanawake wawili wa nyumba zetu walikuwa na mimba. Mama mkubwa wetu, aliyezalisha wanawake wengi huko nyumbani kabla ya kukimbia, alisema neno moja tu kwenye kikao: "Mimi sitaki chombo cha kukimbia. Nataka chombo kisichoshindwa na mlima." Neno hilo ndilo lilichagua mota. Yaliyofuata yalikuwa hesabu.

MLIMA NDIO UNASEMA UKWELI

Mtu wa Goma anajua chukudu, kile chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Kwenye mteremko kinabeba mzigo wa kushangaza, lakini kwenye mlima ni kusukuma na kutoa jasho. Mrundi naye anawajua vijana wa baiskeli wanaoshikilia lori kwa nyuma ili wapande mpaka Bugarama. Hao wote wanaelewa jambo hili bila kusoma kitabu: kwenye tambarare kila chombo ni kizuri, mlima ndio unasema ukweli.

Pikipiki ya petroli iko na gia nne ao tano kwa sababu hiyo. Injini ya cc 100 inatoa kama farasi 8, yaani karibu wati 6,000, lakini inazitoa ikiwa inazunguka sana, zaidi ya mara 7,000 kwa dakika. Ikizunguka polepole inakuwa dhaifu na inazima. Ndiyo maana dereva anacheza na gia kila mara.

Mota ya umeme iko tofauti. Inasukuma kwa nguvu tangu inapoanza kuzunguka, wala haizimi. Kwa hiyo inaweza kuishi na gia moja tu. Lakini hiyo gia moja unaichagua ukiwa gereji, na ukishafunga cheni huwezi kuibadilisha ukiwa katikati ya mlima na mgonjwa nyuma. Hapo ndipo ugumu uko.

TULIPIMA MLIMA KABLA YA KUNUNUA KITU

Fundi mwashi wa jirani alituazima mpira wake wa maji, ule mwembamba unaoonyesha ndani. Munajua vile unafanya kazi: maji kwenye ncha mbili yanasimama usawa mmoja, hata ncha zikiwa mbali. Tukaenda pale penye ukali zaidi. Tukanyoosha kamba ya mita 10 ikiwa imelala sawa na maji, tukapima ardhi imepanda kiasi gani. Ilikuwa mita 1 na sentimita 20. Yaani mlima unapanda 12 kwa kila 100. Kipande hicho kikali ni kama mita 200, kisha kinapungua.

Halafu tukapima uzito kwa mizani ya mahindi. Fremu ilikuwa ya pikipiki ya zamani ya cc 100, tuliyoinunua bila injini. Pamoja na magurudumu, mota, betri na vyuma vya kuongeza tulikadiria kilo 110. Dereva kilo 65. Abiria tulimwekea kilo 75. Jumla kilo 250.

Sasa fuateni hesabu hii, hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Mlima wa 12 kwa 100 unavuta nyuma kilo 12 kwa kila kilo 100. Kwa kilo 250, ni kilo 30. Barabara ya udongo nayo inakamata tairi. Tuliiwekea kilo 2 na nusu kwa kila kilo 100, yaani kama kilo 6. Jumla kilo 36. Ni kama kuifunga pikipiki kwa kamba, na ncha ya kamba inaning'iniza gunia la kilo 36 kisimani, nayo pikipiki inatakiwa kulivuta lile gunia lipande. Mafundi wanapima kwa nyutoni: kilo moja ya mvuto ni karibu nyutoni 10, kwa hiyo tulihitaji nyutoni 360.

Tukakubaliana kwamba mlimani mwendo wa kilomita 15 kwa saa unatosha. Hiyo ni karibu mita 4.2 kwa sekunde. Zidisha nyutoni 360 kwa mita 4.2, unapata kama wati 1,500. Hizo ni wati zinazotakiwa kufika kwenye tairi. Njiani kuna ushuru: cheni inachukua yake, mota inachukua yake, kontrola inachukua yake. Ukilipa wote hao, betri inatakiwa kutoa kama wati 2,100.

Hesabu hiyo tuliiandika kwa makaa kwenye ukuta wa nyumba ya fundi. Kuanzia siku hiyo, kila mtu aliyeleta mota ya kutuuzia tulimpeleka mbele ya ule ukuta.

MOTA ZILIZOLETWA

Ya kwanza ilikuwa stata ya gari. Inavutia kwa sababu iko na nguvu nyingi na bei yake ni ndogo. Lakini stata imetengenezwa kufanya kazi sekunde chache, kisha ipumzike. Ukiipa mlima wa dakika nzima, nyaya zake zinaungua. Tukasema asante.

Ya pili ilikuwa alteneta. Kweli alteneta inaweza kugeuzwa ikawa mota, lakini inataka umeme wa ziada wa kuamsha sumaku yake ya ndani, na joto linakula sehemu kubwa ya umeme. Kwa mtu mwenye betri ndogo na jua la kukopa, hiyo ni hasara ya kila siku.

Ya tatu ilikuwa mota ya ndani ya gurudumu, volti 48, wati 1,000, kama zile za baiskeli za umeme. Hii ilitupa mawazo sana. Haina cheni, haina meno, unaifunga tu na kwenda. Kwa mtu anayekaa kwenye tambarare kule ziwani, tungemwambia achukue bila kusita. Lakini mota hiyo haina gia: gurudumu likizunguka mara moja, mota nayo mara moja. Tairi letu likivingirika mara moja linasafiri mita 1.80, tulipiga alama ya chaki tukapima. Kwa kilomita 15 kwa saa, gurudumu linazunguka kama mara 139 kwa dakika. Mota iliyotengenezwa kwa mwendo wa kilomita 40 ikilazimishwa kuzunguka polepole hivyo na mzigo mzito, inakula umeme mwingi na kuugeuza kuwa joto. Tairi letu mlimani linataka nguvu ya kuzungusha ya nyutoni-mita 103, na hiyo mota haikuwa na uwezo wa kuitoa kwa muda bila kupata homa.

Ya nne ilikuwa mota ya kaboni, volti 48, wati 1,000, mizunguko 3,000 kwa dakika. Ni rahisi kuielewa, na kontrola yake ni ya bei nafuu. Lakini kaboni zinaisha, vumbi letu munalijua, na wati 1,000 ni chini ya nusu ya ule mlima.

Ya tano ndiyo tuliyochukua: mota isiyo na kaboni, volti 48, wati 2,000, mizunguko 3,000 kwa dakika, uzito kilo 9. Tuliinunua Kampala. Hapa tunawapa siri ndogo. Maandishi kwenye kibandiko cha mota yanaweza kudanganya, mizani haidanganyi. Wauzaji wengine wanaandika wati ambazo mota inazitoa kwa sekunde chache tu. Uliza wati za kufanya kazi mfululizo. Halafu inua mota. Mota ndogo ya kilo 3 inayojiita ya wati 3,000 haina shaba na chuma cha kutosha kuvumilia joto hilo.

MENO 30 AO MENO 42

Mota ilipofika, ndipo mabishano ya kweli yalianza.

Mota inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Gurudumu likizunguka hivyo, pikipiki ingekimbia zaidi ya kilomita 300 kwa saa, jambo ambalo hata ndege ndogo zinalitafuta. Kwa hiyo lazima tupunguze mizunguko. Na uzuri ni huu: unapopunguza mizunguko kwa meno, nguvu inaongezeka kwa kiasi kilekile. Ni kama baiskeli: meno madogo mbele na makubwa nyuma, unapanda polepole lakini unapanda.

Fremu ilikuja na sproketi zake: 14 mbele, 42 nyuma. Gawanya 42 kwa 14, unapata 3. Mota ikizunguka mara 3, tairi mara 1. Haitoshi. Mtu mmoja akasema tuweke sproketi moja kubwa sana nyuma. Tukahesabu: ili kupata punguzo la 10 na nusu kwa cheni moja, kama mota iko na meno 12, nyuma yangetakiwa meno 126. Kwa cheni ya pikipiki, sproketi hiyo ingekuwa na upana wa nusu mita, karibu sawa na tairi lenyewe. Ingekuwa inalima barabara.

Kwa hiyo tukaweka shafti ya kati. Ni chuma cha duara cha milimita 20, kinachozunguka juu ya beringi mbili namba 6204, pale ambapo zamani ilikaa giaboksi. Cheni ya kwanza inatoka kwenye mota mpaka kwenye shafti. Cheni ya pili inatoka kwenye shafti mpaka gurudumu la nyuma, na hiyo tuliiacha na meno yake ya 14 na 42. Mapunguzo mawili unayazidisha, huyajumlishi.

Swali likabaki: kwenye cheni ya kwanza, mota iko na meno 12, shafti tuipe meno mangapi?

Vijana walitaka 30. Hesabu yao: 30 kwa 12 ni 2 na nusu, mara 3 ni 7 na nusu. Mizunguko 3,000 gawanya kwa 7.5 ni 400. Mara mita 1.80, unapata kilomita 43 kwa saa. "Hiyo ni pikipiki," walisema.

Wamama na fundi walitaka 42. Hesabu yao: 42 kwa 12 ni 3 na nusu, mara 3 ni 10 na nusu. Mizunguko 3,000 gawanya kwa 10.5 ni 286. Mara mita 1.80, unapata karibu kilomita 31 kwa saa. "Hiyo ni baiskeli ya mzee," walijibu vijana.

Kikao kilichukua jioni mbili. Hakuna aliyekuwa mjinga hapo. Vijana walikuwa na hoja yao: chombo kikiwa polepole sana, hakuna atakayekilipia mchana, na bila pesa ya mchana hakuna pesa ya kubadilisha cheni. Wamama nao walikuwa na yao, munaijua.

Yule kijana aliyesoma umeme, ambaye naye mwanzoni alikuwa upande wa 30, ndiye aliyemaliza mabishano. Alitueleza hivi. Nguvu ya mota ya kuzungusha inatokana na ampea zinazopita ndani ya nyaya zake. Ukitaka nguvu mara mbili, unatia ampea mara mbili. Lakini joto halipandi mara mbili, linapanda mara nne, kwa sababu joto linafuata ampea zikizidishwa kwa zenyewe. Sasa linganisheni meno: 42 gawanya kwa 30 ni 1.4. Kwa meno 30, mlima uleule na mzigo uleule, mota italazimika kuvuta ampea mara 1.4 zaidi. Zidisha 1.4 kwa 1.4, unapata 1.96. Yaani joto ndani ya nyaya karibu mara mbili.

Akaongeza: ndani ya mota kuna sumaku. Zikipata joto la kupita kiasi zinapoteza nguvu, na mota ikipoa nguvu hiyo hairudi. Mota inakuwa dhaifu maisha yake yote, na kesho itataka ampea nyingi zaidi kwa mlima uleule. Kilomita 12 za mwendo wa tambarare tungezilipa kwa joto mara mbili kila tukipanda.

Tukauliza pia upande wa pili: kwa nini tusiweke meno 60, tupande kama trekta? Fundi akapima kwa rula. Sproketi ya meno 60 ingekuwa na upana wa sentimita 24 na haikuingia pale chini ya kiti, na mwendo ungeshuka mpaka karibu kilomita 22. Meno 42 ni sentimita 17, yanaingia vizuri. Basi ikawa 42. Vijana walikubali kwa sharti moja, kwamba sproketi ya 30 itengenezwe nayo na itundikwe ukutani, siku tukihamia tambarare. Bado inaning'inia pale.

KONTROLA, BETRI NA KITENGE

Kontrola ndiyo inayogawa umeme toka betri kwenda mota. Munapoinunua, muangalie ampea zake. Sisi mlimani tunahitaji wati 2,100. Gawanya kwa volti 51 za betri yetu, ni kama ampea 41. Kwa hiyo tulichukua kontrola ya ampea 60, tukaifunga isipite 50. Lakini mujue kwamba ampea za betri na ampea za ndani ya mota si zilezile. Mota ikizunguka polepole kwa mzigo mzito, kontrola inapunguza volti na kuongeza ampea upande wa mota. Betri inaweza kuonyesha 41 wakati mota inapata karibu mara mbili. Ndiyo sababu nyaya za mota zinapata moto hata kama za betri ziko baridi, na sisi tuliweka waya mnene pande zote mbili.

Betri ni selo 16 za lithiamu ya fosfeti, ampea-saa 40. Selo moja ni volti 3.2, zote pamoja 51.2. Uzito wake ni kama kilo 20. Betri nne za asidi za ukubwa huohuo zingepita kilo 50, na ule mlima unapima kila kilo. Hatuimalizi kabisa, tunatumia sehemu nne kati ya tano, na tunapata kilomita 35 mpaka 40. Kwenda na kurudi kituoni ni 14. Kwa paneli zetu za jua za wati 300, siku moja ya jua zuri inarudisha kama nusu.

Usalama musiuruke. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, maana waya ukigusana kabla ya fyuzi, hakuna kitakachozuia moto. Kontrola ikae juu, mahali maji ya dimbwi hayafiki. Na cheni zote mbili zifunikwe kwa bati. Wamama wetu wanapanda na kitenge, watoto wanapenda kugusa kila kinachozunguka. Mota ya umeme haitoi sauti ya kukuonya. Ukigusa kishikio cha mwendo swichi ikiwa wazi, inaondoka. Kwetu sheria ni moja: pikipiki ikisimama, ufunguo uko mfukoni.

Barabara kuu nayo ina sheria zake za namba, bima na kibali cha dereva. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kutembea na kufanya kazi, lakini haimwondolei mtu sheria za barabara. Sisi chombo chetu tulikitengeneza kwa njia za ndani, toka kijiji mpaka kituo cha afya.

SIKU YA MLIMA

Kabla ya kumpandisha mtu yeyote, tulipandisha maji. Jerikani nne za lita 20, zimejaa, ni kilo 80, zaidi kidogo ya abiria wetu wa hesabu. Dereva alianza toka chini akiwa amesimama kabisa, bila kuchukua mbio, kwa sababu usiku na mvua huwezi kutegemea mbio. Pikipiki ilipanda. Sekunde kama 50 kwa kile kipande kikali, sawa na ile hesabu ya ukutani. Kule juu tulidondosha maji juu ya ganda la mota. Yakitoa sauti ya kukaanga, joto limepita kiasi. Yalitiririka tu. Tukashuka, tukapanda tena mara mbili bila kupumzika. Mara ya tatu mkono ulivumilia kugusa ganda kwa sekunde chache. Fundi akakaza cheni ya kwanza, ambayo ilikuwa imelegea kidogo kama cheni mpya zote, na kazi ikaisha.

Wiki tano baadaye, mwezi wa kumi na moja, usiku wa mvua, uchungu ulimshika mke wa mdogo wetu. Ilikuwa saa nane usiku. Njia ilikuwa tope na boda hakuna. Tulimpandisha yeye na dereva peke yao, wengine wakatangulia kwa miguu na tochi mpaka Mlima wa Tangi, wakiwa tayari kusukuma. Hawakusukuma. Walisikia cheni ikipita, wakaona taa ya nyuma ikipanda polepole mpaka ikapotea juu. Dereva alimfikisha kituoni, akarudi, akamchukua mama mkubwa, akapanda mlima mara ya pili. Mtoto alizaliwa kabla ya jua kutoka. Ni msichana. Vijana walipendekeza aitwe Arobaini na Mbili. Mama yake alikataa, na alifanya vizuri.

KWA WANAOTAKA KUANZA

Kule Kigali pikipiki za umeme zilianza kubeba abiria mwaka 2019, na Kampala zinaonekana siku hizi njiani. Zile zimetoka kiwandani zikiwa zimehesabiwa. Anayejenga mwenyewe lazima ahesabu mwenyewe. Kwa hiyo, kabla ya kutoa shilingi hata moja, jibuni maswali haya kwa maandishi: Mlima mkali kuliko yote kwenye njia yenu unapanda kiasi gani kwa kila mita 10? Uzito wote utakuwa kilo ngapi, mtu na mzigo pamoja? Kule mlimani munataka mwendo gani? Tairi lenu likivingirika mara moja linasafiri mita ngapi? Mota inazunguka mara ngapi kwa dakika, na wati zake za kazi mfululizo ni ngapi? Mukiwa na majibu hayo matano, meno yatajihesabu yenyewe. Aliye na tambarare achague meno ya mwendo, wala asituige. Aliye na mlima achague meno ya mlima, na avumilie kucheka kwa vijana.

Mwanamke wa pili wa nyumba zetu anatarajia mwezi ujao. Betri inajazwa kila jioni kabla ya simu zozote, na zamu ya dereva wa usiku imeandikwa kwenye ule ukuta wa makaa, chini ya hesabu. Anayetaka kuiona hesabu aje na daftari. Mpira wa maji tutamwazimia.



Ni sisi, nyumba tano.